Hema Likishang'olewa: Mwongozo wa Kuishi na Msiba kwa Aina Zake

Nimekuwa katibu wa chama cha kuzikana mtaani Manyatta, Kisumu, kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda huo nimejaza madaftari matatu kwa majina ya watu waliotoa michango. Madaftari hayo yamenionyesha kwamba sisi watu wa magharibi mwa Kenya tunajua kuzika. Hema hupatikana, sufuria hupatikana, ng'ombe hupatikana, na basi la kumpeleka marehemu nyumbani Siaya, Vihiga au Nyakach hujaa hata mvua ikinyesha. Tusilolijua vyema ni lile linalofuata. Siku chache baada ya mazishi hema hung'olewa, na pale liliposimama hubaki nyasi zilizolala na kugeuka manjano, mafiga yenye majivu yaliyoloa, na mwanamke mmoja anayepindua sufuria moja baada ya nyingine, akisoma herufi zilizoandikwa kwa rangi chini ya kila sufuria ili ajue ipi irudi kwa nani. Mwongozo huu nimemwandikia mwanamke huyo, pamoja na wale ambao msiba wao haukuwahi kupata hema.

Hatua ya kwanza: gawanyeni kazi kabla ya mazishi

Katika siku za kwanza mfiwa huwa kama mtu aliyepigwa ganzi. Huulizwa jambo moja mara tatu na asikumbuke alijibu nini, na hiyo si dalili ya udhaifu wala ya kutompenda marehemu. Kwa hiyo familia iteue mtu mmoja wa kupokea simu, mwingine wa kushika fedha na kuandika kila shilingi, na wa tatu wa kushughulikia karatasi. Kifo kikitokea hospitalini, hospitali ndiyo huandika taarifa. Kikitokea nyumbani, taarifa hupitia kwa naibu wa chifu. Kibali cha mazishi hutolewa kwanza, na cheti cha kifo hufuata baadaye. Kifo kisajiliwe kabla ya miezi sita kupita, kwa maana baada ya hapo usajili huhesabiwa kuwa umechelewa na safari za ofisini huongezeka, wakati ambapo mjane hana nguvu wala nauli.

Yako mambo ambayo hayafai kuchukuliwa kutoka mikononi mwa mfiwa. Yeye ndiye aamue marehemu avishwe nguo gani na nani azungumze kwa niaba ya nyumba yake, na yeye ndiye aamue kama atautazama mwili. Asilazimishwe na asizuiwe. Ikiwa mwili uliumia vibaya, mtu anayemwamini autazame kwanza, amweleze kwa upole na kwa ukweli alichokiona, kisha amwachie uamuzi.

Nawasihi pia msisafiri usiku mkifuata jeneza, na msimkabidhi usukani dereva aliyekesha. Mwezi wa Agosti 2025, basi lililokuwa likiwarudisha waombolezaji kutoka mazishini lilipinduka katika mzunguko wa Coptic, hapa Mamboleo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Familia zilizokuwa zimetoka kuzika mtu mmoja zilianza kupanga majeneza upya.

Hatua ya pili: pangeni zamu za mwezi wa kwanza

Kabla wageni hawajaondoka, mtu aketi na kalamu na kuandika nani atalala kwa mfiwa wiki ya kwanza, nani atakuja jioni wiki ya pili, na nani atawapeleka watoto shuleni. Maneno "ukihitaji chochote nipigie" husemwa kwa nia njema, lakini mfiwa hawezi kujua anachohitaji, na hata akijua ataona aibu kuomba. Afadhali useme, "Shemeji, Jumanne nitakuletea maji mitungi minne na unga, nikae hadi saa mbili usiku." Jioni ndiyo ngumu kuliko nyakati zote, hasa ile saa ambayo marehemu alikuwa akirudi nyumbani.

Anayeshika zamu aangalie mwili wa mfiwa kama vile angeangalia wa mgonjwa. Je, amekunywa maji? Amelala saa ngapi? Kama anatumia dawa za shinikizo la damu au za sukari, je, amezimeza leo? Nimeona zaidi ya mara moja mfiwa akipelekwa hospitali katika wiki ya pili kwa sababu dawa zilisahaulika tangu siku ya simu ya kwanza. Uji mwepesi mara kwa mara hufaa kuliko sahani kubwa ya ugali, ambayo atakaa akiitazama tu.

Kuhusu zile sufuria, msimrudishie zote kwa niaba yake. Mama yangu alipofariki, mimi na mama mdogo tulizunguka siku mbili tukirudisha vyombo nyumba kwa nyumba. Kila nyumba tulikaribishwa, na jina la mama likatajwa. Jirani mmoja aliipokea sufuria yake kubwa, akaipangusa kwa kanga, kisha akatuambia kwamba aliinunua soko la Kibuye Jumapili moja pamoja na mama, wakachanga nusu kwa nusu, na kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake ni ya nani. Sikuwa nikijua hilo. Kazi yenye mwanzo na mwisho, inayomtoa mfiwa mlangoni akiwa na mtu pembeni yake, ni njia njema ya kurudi kati ya watu.

Na kwa viongozi wa vyama: tengeni sehemu ya mchango isiguswe na mapishi. Chama chetu sasa huzuia kiasi fulani na kumpa mfiwa mwezi wa tatu, wakati karo inadaiwa na hakuna tena anayebisha hodi.

Hatua ya tatu: utambue msiba wako ni wa namna gani

Ushauri unaomfaa mtu mmoja humuumiza mwingine, kwa sababu misiba haifanani.

Aliyemuuguza mgonjwa kwa muda mrefu mara nyingi huhisi nafuu, kisha akajichukia kwa kuihisi. Nafuu hiyo ni ya mwili uliochoka na ya kuona maumivu ya mpendwa yamekoma, na haipunguzi mapenzi hata chembe. Kinachomsumbua zaidi ni mikono isiyo na kazi, na kengele ya simu ya saa nane usiku ya kumkumbusha dawa, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Mpeni kitu cha kutunza, ijapokuwa ni kuku au bustani ya sukumawiki, na mwacheni alale.

Kifo cha ghafla, kama cha barabarani, huacha mazungumzo yaliyokatika. Akili hurudia saa ile ya mwisho na kutafuta mahali ambapo jambo lingegeuzwa: laiti ningemwambia apande gari la baadaye. Anayerudia hivyo asinyamazishwe kwa "ni mapenzi ya Mungu" kabla hajamaliza kusema, hata kama yeye mwenyewe anaamini hivyo. Wengine husaidika kwa kuandika yale waliyotaka kumwambia marehemu na kuyasoma kaburini. Waliopoteza watu kadhaa kwa siku moja wamlilie kila mmoja kwa jina lake na kwa siku yake, kwa sababu wakiunganishwa wote, yule mdogo au yule mkimya husahaulika.

Kisha kuna msiba wa kupotelewa na mimba au kuzaa mtoto asiye hai, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio unaofichwa kuliko yote. Hospitali moja, ambayo siitaji, ilimruhusu binamu yangu kwenda nyumbani siku ya pili bila mtu kumweleza kwamba maziwa yangekuja. Yalikuja usiku wa siku ya tatu, akadhani ana wazimu. Basi mwambieni mama mapema: mimba ikiwa kubwa, maziwa huweza kuanza kutoka siku mbili hadi nne baada ya kuzaa. Avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, ameze dawa ya maumivu aliyoshauriwa, na asiyakamue yote, kwa sababu kukamua huuambia mwili utengeneze mengine. Yatapungua katika wiki moja au mbili. Akipata homa, au titi likiwa jekundu na lenye joto, au damu ikizidi au kunuka, arudi kwa daktari bila kuchelewa. Aulizwe pia kama anataka kumwona mtoto na kumshika, na kama mtoto apelekwe nyumbani kuzikwa. Katika nyumba nyingi wanawake wazee humzika mtoto huyo kimyakimya huku mama akiwa bado hospitalini, wakiamini wanamhurumia. Wengi wa akina mama hao wameniambia miaka mingi baadaye kwamba hawajui hata mahali alipolala. Mpeni jina mkitaka. Na baba naye apewe pole, kwani mara nyingi huulizwa tu, "Mama anaendeleaje?"

Kujiua ni msiba unaobebeshwa aibu juu ya uchungu. Mahali pengine kwetu marehemu wa namna hiyo huzikwa haraka, kando ya boma, pasipo hotuba, na mti alioutumia hukatwa. Siwezi kuwaamulia wazee mila, lakini naomba jina lake litajwe na maisha yake yaelezwe yote, si siku moja tu ya mwisho. Wanaobaki hujiuliza walikosa kuona nini, na wao wenyewe huwa hatarini, kwa hiyo wasiachwe peke yao. Kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwezi wa Januari 2025; hofu ya polisi isimzuie mtu kutafuta msaada.

Msiba usio na mwili ni wa watu wa ziwani hasa, ingawa Nakuru pia ziko familia ambazo tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 hazijui jamaa yao alikwenda wapi. Pauline Boss, mtafiti wa Marekani aliyeanza kwa kuzichunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani, alieleza kwamba msiba wa namna hii hukwama kwa sababu mtu hawezi kulia kabisa wala kutumaini kabisa. Andikisheni taarifa polisi na mhifadhi nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, kwa kuwa kisheria mtu anaweza kuchukuliwa kuwa amekufa pale ambapo wale waliotarajiwa kupata habari zake hawajazipata kwa miaka saba, na hapo ushahidi wa tarehe mliyoanza kumtafuta utahitajika. Kuhusu moyo, wazee wa Kijaluo walikuwa na hekima yao: mwili usipopatikana, walizika tunda la yago, lile refu zito la mti wa mwegea, ili familia ipate kaburi la kuliendea. Nasema hivi kwa tahadhari, kwamba jambo hilo lisifanywe hadi mama na mke wa aliyepotea wawe tayari, na kama mmoja wao bado anaacha mlango bila komeo usiku, asichekwe wala asiharakishwe.

Talaka, kufutwa kazi, na kuhamishwa na mafuriko ni misiba pia, japo hakuna anayeleta sukari. Maji ya Ziwa Victoria yalipopanda kupita kiasi mwaka wa 2020, wapo walioacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi wao chini ya maji. Mtu wa namna hii hufaidika sana akisikia hata jirani mmoja akimwambia "pole kwa msiba" kwa neno hilohilo. Baada ya hapo msaada wa mikono, kama kumsindikiza kutafuta nyumba au kuandika barua ya kazi, humfaa kuliko mazungumzo marefu.

Hatua ya nne: waambieni watoto ukweli

Msimwambie mtoto kwamba baba amesafiri au amelala. Aliyeambiwa amesafiri atamngoja, na aliyeambiwa amelala anaweza kuogopa kulala. Semeni, "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi na hawezi kurudi." Mtoto mdogo atauliza swali lilelile kesho na keshokutwa, kwa sababu bado haelewi kwamba aliyekufa harudi tena; ajibiwe vilevile, bila hasira. Atalia dakika tano, kisha aende kucheza mpira, na wakubwa wasimkemee. Mwalimu wake aarifiwe. Akiacha kula, akianza tena kukojoa kitandani, au akisema anataka kumfuata marehemu, pigeni simu nambari 116, ambayo ni ya bure na ni ya watoto.

Hatua ya tano: msiharakishe nguo, wala mali, wala mila

Nguo za marehemu zisigawanywe siku ya mazishi ikiwa mfiwa hajaridhia. Zikunjwe, zifungiwe sandukuni, ziangaliwe baada ya miezi mitatu au sita, na abakishe moja ambayo haitafuliwa ikiwa ndivyo apendavyo.

Kuhusu mali, hakuna mwenye ruhusa ya kuuza ng'ombe, kuvuna miti au kuchukua kitabu cha umiliki (logbook) cha pikipiki ya marehemu kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi wa mirathi. Sheria ya Urithi huliita hilo kosa, hata likifanywa na ndugu yake wa damu. Na mjane asilazimishwe kurithiwa na ndugu wa marehemu, wala kutakaswa kimila kwa kulazwa na mwanamume. Sheria ya Kuzuia Ukatili wa Nyumbani ya mwaka wa 2015 imeyataja yote mawili, kumrithi mjane kwa nguvu na kumtakasa, kuwa ni ukatili. Nimeheshimu mila maisha yangu yote, na nimeona jinsi kunyoa nywele na kukaa pamoja kunavyoweza kumshika mtu asianguke. Lakini mwanamke anayeogopa mlango wa nyumba yake mwenyewe hawezi kuomboleza.

Hatua ya sita: acheni huzuni ije na iondoke

Wengi wamesikia kwamba huzuni ina ngazi tano, kuanzia kukana hadi kukubali. Mpangilio huo ulitolewa mwaka wa 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyezungumza na wagonjwa waliokabiliwa na kifo chao wenyewe, wala hakuwa ameuchota kwa wafiwa. Kwa hiyo asijipime mtu na kusema, "Nimerudi ngazi ya pili." Karibu zaidi na ninayoyaona mtaani ni maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, ya mwaka wa 1999, kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kumlilia aliyeondoka na kushughulikia maisha mapya, na kwamba kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Mjane anayelia asubuhi na mchana akacheka akiuza omena hajamsahau mumewe. Anayelia tu bila kupumzika, na anayefanya kazi tu bila kulia, ndio wa kuangaliwa.

Huzuni ya zamani pia huweza kufunguka upya. Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025, watu wazima walilia hadharani katika barabara za Kisumu, na katika siku zile nne kabla hajazikwa Bondo niliwasikia wengi wakisema kwamba walipomlilia yule waliyemwita Baba, walikuwa wakiwalilia baba zao wenyewe, waliozikwa kwa haraka miaka mingi iliyopita.

Hatua ya saba: jua wakati wa kutafuta mtaalamu

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka wa 2022, limeitambua huzuni iliyorefuka kuwa ugonjwa. Ni pale ambapo baada ya miezi sita au zaidi mtu bado anamtamani marehemu kila siku kwa uchungu unaomzuia kuishi, na kwa kiwango kinachopita desturi za jamii yake. Lakini yako mambo yasiyosubiri miezi sita: kusema kwamba hataki kuishi, kugawa vitu vyake, kutokula, kusikia sauti zinazomwamuru, au kutafuta chang'aa kila jioni ili apate usingizi. Kusikia sauti ya marehemu ikikuita mara moja, au kudhani umemwona kituo cha matatu, huwapata wafiwa wengi na si wazimu.

Anayesema anataka kufa mwulize waziwazi kama amepanga kujiua, kwani swali hilo halimtii wazo ambalo hakuwa nalo. Ondoa dawa za shambani na kamba mahali alipo, kaa naye, na upige simu 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, kisha mwende pamoja hospitali. Usimwelekeze tu njia.

Hatua ya nane: ziandae tarehe

Majirani zetu Waislamu wa Kaloleni wana eda ya miezi minne na siku kumi kwa mjane, na faida yake moja ni kwamba kila mtu anajua hesabu imefika wapi na nani hapaswi kusumbuliwa. Sisi wengine tujitengenezee hesabu yetu. Chukua kalenda na utie alama siku ya kuzaliwa kwa marehemu, siku ya kufungua shule, Krismasi ambayo watu wote watarudi nyumbani isipokuwa yeye, na siku aliyofariki. Kwa waliopoteza mimba, tia alama siku ambayo mtoto angezaliwa. Wiki inayotangulia tarehe hizo mara nyingi huwa nzito kuliko tarehe zenyewe, hivyo usipange safari ndefu wala deni jipya katika wiki hiyo. Amua mapema utafanya nini: kupalilia kaburi, kupika alichokipenda, kwenda ibadani, au kukaa kimya. Ibada ya kumbukumbu yenye hema na ng'ombe si lazima, hasa ikiwa itakopewa fedha. Mtafute mtu mmoja, mtaje kwa jina, na umwombe afike kwako jioni ya siku iliyotangulia, alale.